Saa ya Kiponda Yatafutiwa Makao

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Mjukuu wangu Mwaro anaoa. Mungu ashukuriwe. Lakini bibi harusi anafika Jumapili, kitanda chao kinataka chumba cha mbele, na chumba cha mbele kina saa aliyoichonga marehemu mume wangu, Kiponda. Imeushinda mlango kwa urefu. Mbao za mvule, uso wa sinia ya shaba, na kila ikigonga, kasa wa shaba hutoka kidirishani akainamisha kichwa. Hutoka, nasema? Alikuwa akitoka. Tangu Kiponda azikwe, kasa kakwama nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mwaro keshamwita mtu wa vyuma chakavu. Asema shaba ina bei. Nikamuuliza yeye ana bei gani, mifupa mitupu ile. Akanijibu, "Hawe, mke wangu, basi itafutie makao. Mwisho Jumamosi." Hawe, yaani bibi, sawa; lakini mke wangu! Wajukuu hawa na utani wao.

Nitaitafutia. Tena makao ya heshima, isimame watu waione, na igonge.

Jumanne, 2 Septemba
Mtu wa vyuma hakungoja Jumamosi. Kaja na nyundo na gunia. Mwaro yuko shambani. Ningefanyaje? Nikatwaa kibuyu cha pombe ya mnazi, nikamimina chini ya saa, nikasema kwa sauti: Kiponda, pokea unywe, kuna mgeni hapa anataka kukung'oa kifua. Kisha mbao zikalia. Mbao kuukuu hulia jua likikaza, lakini yeye hajui. Kakimbia, nyundo kaiacha. Nyundo nzuri, mpini mpya.

Waliosoma hawana akili kama hii.

Jumatano, 3 Septemba
Kwa Mchungaji Phineas. Ukumbi wao mpya una ukuta mtupu, na mwenyewe alisema saa itapendeza pale. Leo kageuka. Habari za kibuyu zimefika kabla yangu. Hapa Ganda maneno hayahitaji pikipiki. Asema kanisa haliwezi kukaribisha koma ndani, mizimu ya wazee. Nikamwambia ilikuwa hila. Akauliza kama nilimimina kweli. Akauliza kama nilimtaja marehemu kwa jina. Maswali mengi kwa mtu aliyesinzia Pasaka katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Nikamwambia benchi la mbele nalikalia tangu yeye hajazaliwa. Akasema anajua, mama, ndiyo maana anaumia.

Alhamisi, 4 Septemba
Malindi mjini, kwa Hadiya. Rafiki yangu, ila anajiona. Ana nyumba ya wageni, na mumewe Yasin ni fundi saa. Kiburi nilikiacha mlangoni pamoja na viatu. Nikasifu hata pilau yake, nayo ina chumvi. Kakubali! Yasin ataitengeneza, itasimama uani kwao, na jina la Kiponda litaandikwa. Habari za kibuyu hawana. Sikuona haja ya kuwachosha.

Ijumaa, 5 Septemba
Yasin kaja baada ya swala. Kufungua mgongo wa saa, nyigu wamejenga nyumba za udongo katikati ya magurudumu. Miaka yote hii nadhani saa inamlilia Kiponda, kumbe nyigu. Kakwangua, kapaka mafuta, kakaza. Saa kumi ikagonga. Kasa akatoka mzimamzima, akaniinamia. Vumbi la nyigu likaniingia machoni. Yasin akajifanya anatafuta bisibisi.

Jumamosi, 6 Septemba
Lori limekuja, Hadiya kakaa mbele na buibui jipya. Ndani tukamkuta Mzee Mangi kigodani, mbele ya saa, bakora mapajani. Yeye ndiye tunayemwita mambo ya koma yakituzidi. Leo kajiita. Akauliza nani alimpa Kiponda kinywaji hapa. Mimi. Basi, akasema, koma akishanyweshwa mahali, hapo ndipo kwake. Hahami.

Nikamwambia ulikuwa uongo wa kumfukuza mtu.

"Mnazi ulikwenda wapi?"

Nikasema sakafu ni ya udongo, uliingia.

"Basi kanywa. Koma si mbuzi, mama, umfunge leo umfungue kesho."

Wachukuzi walishapanda lori lao. Hadiya akaniangalia weee. "Shoga, ungenambia mapema ningekuja na halua, si lori." Akacheka mpaka akashika ukuta. Anajiona, lakini ni rafiki.

Mwaro hakucheka. Hata mke wangu hakuniita. Kitanda chake kimelala uani.

Jumapili, 7 Septemba
Bibi harusi, Lynn, kafika. Nilijua ataiona saa ile, atageuza njia arudi kwao, na Mwaro hatanisemesha tena. Msichana kaingia, saa ikagonga, kasa akatoka akainama. Lynn naye akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Mwaro akacheka. Nami nikacheka, nikawapa chumba changu mpaka wajenge chao. Mimi nalala mbele na Kiponda. Alipokuwa hai alikoroma, sasa anagonga. Nimeshazoea.

Jioni Mwaro kapima mahali pa kujenga. Wapi? Penye mkorosho wangu! Asema kesho asubuhi anaukata, mti ni mti tu, hawe.

Nimekitikisa kibuyu. Mnazi umebaki kidogo. Kwa mti mmoja unatosha.