Wodi Inaita, Maabara Iitike

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa anayetarajia kuwa Makamu, Mganga Mkuu, Matroni wetu mpendwa, wageni mlioalikwa na mlioingia kukwepa jua, wagonjwa wenye kadi na msio na kadi, mabibi na mabwana, hamjambo? (Wachache: "Hatujambo." Mzee mmoja: "Tungekuwa hatujambo tungekuja hospitali?" Kicheko.)

Leo, mimi Mkurugenzi wa Mageuzi ya Kidijitali, nazindua Mfumo Jumuishi wa Skripti Kuitana, na kwa kuwa si kila mtu amesoma kama mimi, nitaeleza polepole. Skripti ni maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, ambayo kompyuta huyafuata bila kunung'unika, tofauti na baadhi ya watumishi ninaowaona hapo nyuma. Sasa, kompyuta ya wodi ina mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoiendesha, na ya maabara ina wake, na mifumo hiyo ni kama wake wenza waliokasirikiana: paa moja, salamu hakuna. Kwa hiyo skripti ya wodi itaiita skripti ya maabara, "Lete majibu ya damu!", nayo itaitika na kuyaleta. (Makofi ya safu ya mbele.)

Hapo wengine wangekwama, sisi tukakaa kikao. Majina katika njia ya kulifikia faili hutenganishwa kwa mkwaju, yaani kile kistari kilichoinama, na bahati mbaya mkwaju wa maabara umeinamia kulia, wa wodi umeinamia kushoto. Kamati yangu, baada ya majadiliano mazito na chai, iliafikiana kwamba mkwaju usimame wima, pasiwe na upande ulioonewa. (Sauti: "Na kompyuta zimekubali?") Ndugu yangu, kompyuta hazikualikwa kikaoni.

Likazuka suala zito zaidi: skripti ikiitwa, iitike "naam" au iitike "abee"? Hatuwezi kuzindua mfumo usio na adabu. Tukaunda kamati ndogo ya kuchunguza kama skripti ni ya kike au ya kiume, na asilimia tisini na nane ya wadau waliunga mkono, yaani walikuwa wamesinzia.

(Mama mwenye mtoto mgongoni anasimama: "Baba mkurugenzi, samahani. Mwanangu anaungua homa. Daktari huyu hapa, majibu yako maabara, na mlango wa katikati mmeufunga. Nipite wapi?")

Swali zuri sana, mama. Mlango nimeufunga mimi mwenyewe, kufuli na utepe juu yake, ili majibu yaache tabia ya kutembea kwa miguu. Subiri mfumo uite.

("Utaita lini?")

Mara tu baada ya hotuba, ambayo ndiyo kwanza inaanza kunoga.

(Mama anakwenda dirishani na kupaza sauti uani: "Dada wa maabaraaa!" Upande wa pili: "Abee, mama!" "Majibu ya mwanangu!" "Haya, pokea!" Karatasi inatoka dirishani, inapita mkono kwa mkono juu ya maua mpaka kwa daktari. Vigelegele.)

Mmeona wenyewe! Imeita, imeitikiwa, imeletewa, tena kwa "abee", kwa hiyo kamati ndogo imemaliza kazi yake kabla ya muda!

(Daktari: "Ni malaria, mama, na tumeiwahi. Twende, dawa ianze sasa hivi." Wanatoka, nusu ya ukumbi inahamia dirishani kuita.)

Msitoke, nafunga! Semeni nami: Wodi ikiita! (Watatu: "Maabara iitike!") Mkwaju! ("Wima!")

Namshukuru kwa dhati fundi aliyeandika skripti hizi mbili, ambaye tutamtangazia nafasi tukishajua anaitwaje mtu wa kazi hiyo. Naishukuru kompyuta ya wodi, ambayo meza yake imekwisha kufutwa vumbi, na ile ya maabara, ambayo mchoro wake mmeuona pale ukutani, umepakwa rangi vizuri. Zaidi ya yote nawashukuru ninyi wagonjwa kwa subira yenu, maana bila subira hiyo mfumo huu ungelazimika kuwepo.