Dhahabu Ndani ya Sipiyu

Jumatatu, 4 Agosti

Kompyuta imekufa! Mchana kweupe, mbele ya wateja. Ilikohoa, ikanuka kama nywele zilizoungua, ikazima. Ndani yake kuna kadi za harusi ya watu na barua ya kijana anayeomba kazi ya ulinzi mgodini. Nikaipiga kofi. Nikaibembeleza. Wapi!

Nikampigia shangazi Paskazia, mwenye steshenari, ambaye anaishi Nyasubi kule Kahama na biashara yake ya mchele. Nilitegemea matusi. Badala yake kashusha pumzi, katoa tangazo. Amechoka kupigiwa simu kila karatasi ikikwama. Anataka msimamizi mmoja, mwenye funguo za duka, wa kuamua mambo yote hapa Kalangalala, mjini Geita. Atamchagua kati yangu na Mama Blessing, mchapaji mwenzangu. Mtihani ni huu: kila mmoja achague kompyuta mpya na kuitetea. Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, anakuja mwenyewe kuamua.

Funguo! Mimi, Alois Nkwabi, nina miaka thelathini na minne. Nimo dukani humu tangu kulipokuwa na mashine moja ya fotokopi na kiti kimoja, na hadi leo nikipita sokoni naitwa "kijana wa fotokopi". Hata kwenye kipaimara cha mpwa wangu mshereheshaji alinitambulisha hivyo hivyo, na watu wakapiga makofi. Mama Blessing kaja mwaka juzi tu. Jina lake ni Febronia. Anachapa haraka, anaimba huku anachapa, na ananiita "mdogo wangu" wakati nimemzidi umri.

Nimekwenda kwa Davis, muuza kompyuta wa pale karibu na stendi. Ana aina mbili. Moja ni ya kipande kimoja, kila kitu kimejificha nyuma ya kioo, anaiita ol-in-wan. Nyingine ina kioo chake, na pembeni sipiyu, lile boksi refu la kusimama. Davis kaeleza mengi. Hii ya sipiyu unaweza kuifungua, ukaongeza vitu, ukabadilisha kifaa kimoja kikifa. Ile ya kipande kimoja haina waya nyingi wala haili meza. Sikusikiliza sana. Nilikuwa naangalia ukubwa. Sipiyu ni kubwa. Nimechagua sipiyu.

Jumanne, 5 Agosti

Davis katuazima zote mbili hadi Ijumaa, kwa heshima ya shangazi. Moja itarudi dukani kwake bila mkwaruzo. Hilo kalisema huku akiniangalia mimi.

Mama Blessing kachagua ol-in-wan. Nilijua! Inafanana na televisheni ya hotelini. Kachomeka waya mmoja, kajifuta mikono, kaanza kuimba. Waya mmoja tu! Mimi nilikuwa bado chini ya meza, nimejinyonga na waya shingoni, natafuta tundu la kioo.

Wateja wameduwaa. Mzee mmoja kutoka Bukombe, aliyeleta mkataba wa shamba, kauliza mpira unaanza saa ngapi. Hapo nikapata wazo. Kila aliyeingia nikamwambia kwa masikitiko kwamba kompyuta ya yule dada haina sipiyu. Na kompyuta isiyo na sipiyu, ndugu yangu, ni kichwa bila kiwiliwili. Yule mzee kashtuka kweli. Kampa Mama Blessing pole ya kuibiwa.

Furaha yangu haikudumu. Ile televisheni ina kamera! Mama Blessing kamkalisha mzee mbele ya kioo, kampiga picha ya pasipoti hapo hapo, bila hata kunyanyuka kitini. Mzee kujiona, kacheka mpaka kofia ikaanguka. Foleni yote ikahamia upande ule. Nikabaki na sipiyu yangu na mteja mmoja, ambaye alikuwa anauliza choo kiko wapi. Sikuamini macho yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepigwa na butwaa.

Asubuhi nilikwenda kwa Davis kulalamika kuhusu kamera. Nikamkuta anasafisha kwa kifutio kipande cha ram, ile kumbukumbu ya kompyuta. Nikauliza mbona kina meno ya njano. Kanijibu, kama mtu anayesema leo kuna vumbi, kwamba hiyo ni dhahabu. Imepakwa juu juu, kasema, kidogo mno, tena... Mengine sikuyasikia. Dhahabu! Nimezaliwa Geita. Baba yangu alichimba hadi mgongo ukapinda, na duara lake, shimo la kuchimbia, halikutema hata punje. Mjomba aliuza ng'ombe akanunua pampu ya kutolea maji shimoni, pampu ikazama. Na muda wote huo dhahabu ipo mezani, imechomekwa ukutani!

Nikampigia shangazi kutoka nyuma ya duka, kiganja mdomoni. Nikaanza na salamu ya Kisukuma: mwangaluka, shangazi, shikamoo. Nikamweleza. Sipiyu ni boksi kubwa, lina matundu mengi ya kuchomekea vitu, na kila penye tundu pana dhahabu. Ile ya Mama Blessing ni nyembamba kama chapati, dhahabu itakaa wapi? Kaniambia kwa sauti ya chini sana: ng'wana wane, mwanangu, hilo usimwambie mtu.

Sijamwambia mtu. Nimemwambia muuza miwa tu, na bodaboda wa pale kona, na fundi redio.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa!

Mama Blessing alipokwenda kununua karatasi, nikafungua ubavu wa sipiyu ili niione dhahabu yetu. Tupu! Sawa, si tupu kabisa. Kuna feni, kuna waya, kuna ubao mmoja wa kijani na kipande kimoja cha ram. Lakini sehemu kubwa ni hewa. Matundu yako wazi, hayana kitu. Kuku angeweza kuatamia humo na nafasi ikabaki.

Nikakimbia kwa Davis. Kasema ndivyo inavyotakiwa, hizo ndizo nafasi za kuongezea. Nikamuuliza kama maana yake tunanunua hewa. Kafikiri kidogo, kasema ndiyo, kwa namna fulani.

Kesho shangazi anakuja kuona dhahabu, na mimi nina boksi la hewa. Fikiria, Alois, fikiria! Nikafikiria. Fundi redio kanipa bure matumbo ya redio zilizokufa na king'amuzi kilichopigwa na radi. Nikayakata kwa koleo, nikayachomeka kila penye tundu. Yaliyokataa nikayafunga kwa mipira ya kufungia karatasi. Kisha nikachukua ile rangi ya dhahabu tunayopakia pembeni mwa kadi za harusi, nikapaka meno yote, moja baada ya jingine. Nina mkono mzuri, lazima nijisifu. Palijaa. Paling'aa kama altare siku ya Pasaka.

Mama Blessing karudi, kavuta pua, kauliza kunanuka nini. Nikasema nimenunua manukato. Kanishauri niyarudishe. Kauliza pia mbona leo siiwashi sipiyu yangu. Nikasema inapumzika.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Shangazi hakuja peke yake. Kaja na Mzee Mwigulu, broka wa dhahabu, mwenye mzani mdogo mfukoni na lenzi ya kubana jichoni. Hata shikamoo zangu hawakuziitikia vizuri. Shangazi karudishia mlango, lakini wateja walikuwa wameshaingia, wengi kuliko siku zote, muuza miwa akiwa mbele. Sipiyu ikafunguliwa. Watu wakasema aaah! Nikajisikia mkubwa.

Mzee Mwigulu kakwangua jino moja kwa ukucha. Kauangalia ukucha. Kaanza kucheka polepole, mabega yakimtikisika. Kasema hii ni rangi ya kadi, na kadi za harusi ya binti yake zilikuwa nayo hii hii. Kachomoa kipande kimoja, kakigeuza. Bado kilikuwa na kitufe cha kutafutia stesheni.

Nilitegemea shangazi aniite mwongo. Hilo ningelivumilia. Lakini shangazi ameishi na mchimbaji, ameona viroba vya mawe vikibadilishwa na wezi tangu ujana wake. Kauliza swali moja tu: vile vya dhahabu viko wapi? Yaani! Anaamini nimechomoa vya kweli nikapachika vya redio! Kaamuru nikaguliwe. Kama mtu anayetoka duarani! Viatu vua, mifuko geuza, mdomo fungua, ulimi inua. Mkaguzi alikuwa Mama Blessing. Kafanya kazi kwa bidii, hadi ndani ya nywele, hadi masikioni, na mara hii hakuimba. Muuza miwa kaangalia pembeni. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo tangu nizaliwe.

Davis akaitwa. Kaapa kwamba sipiyu hutoka kiwandani na nafasi zake. Shangazi kasema hajawahi kuona mtu anauza gunia nusu. Nikaona nimebakiwa na njia moja tu ya kujisafisha, nayo ni kuwaonyesha kwamba inafanya kazi. Nikapeleka kidole kwenye kitufe. Davis kapiga ukelele nisibonyeze. Nilikuwa nimeshabonyeza.

Paa! Moshi! Mzee Mwigulu alikuwa wa kwanza kufika barabarani, pamoja na umri wake. Sipiyu ikanyamaza. Na ile ol-in-wan, ambayo ilikuwa kwenye ekstensheni moja na yangu, ikapepesa, ikafa na picha ya mteja anayetabasamu. Mama Blessing kakaa chini sakafuni, miguu kainyoosha mbele, kama yuko msibani. Nikampa pole.

Jumamosi, 9 Agosti

Mshtuko juu ya mshtuko. Davis kaja na bisibisi. Kachomoa takataka zangu zote, kachomoa kile kiboksi cha kupokelea umeme, ambacho ndicho kilichoungua, kaweka kingine. Soda yangu ilikuwa haijafika nusu. Kabonyeza. Ikawaka! Safi, haraka, kana kwamba jana haikuwapo. Kisha kaiendea ol-in-wan. Kaipindua, kaigonga kisogoni, katikisa kichwa. Humo kila kitu kimeshikana na kila kitu, kasema. Lazima iende Mwanza, na huenda isirudi.

Shangazi kaikodolea macho sipiyu. Kauliza, kumbe hii ikivunjika mguu unabadilisha mguu peke yake? Davis kasema ndiyo. Na wateja wakiwa wengi, unaiongezea nguvu humo humo? Ndiyo, kasema, ndiyo kazi ya zile nafasi, tena Alois nilimweleza yote haya Jumatatu. Shangazi kanigeukia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Kaniuliza kwa nini sikumwambia hilo. Ningemwambia hilo tu, kasema, funguo angenipa kwenye simu.

Nikainama, nikaanza kuokota takataka zangu sakafuni. Iliniuma. Inaniuma hata sasa ninapoandika.

Lakini tuseme yaliyo wazi: sipiyu imeshinda! Chaguo langu! Mama Blessing kapewa funguo. Atakaa yeye kwenye sipiyu yangu, na mimi narudi kwenye fotokopi, na matengenezo ya Mwanza ni juu yangu. Kesho kutwa nikifika nigonge, kaniambia Mama Blessing, asiponisikia ningoje. Shangazi, kabla ya kupanda gari la Kahama, kakipima uzito kiganjani kile kiboksi kilichoungua, kakifunga kwenye khanga, kakitia mkobani mwake. Kanikazia macho mpaka gari likaondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejifunza. Somo naliandika kwa wino ili lisifutike: Alois, sema ukweli, sema kwa ufupi, usitie mapambo. Nimetoka misa ya kwanza nikiwa mtu mwingine kabisa.

Nyumbani nikakuta watu wamejaa uani. Foleni, kwangu! Muuza miwa, bodaboda wa kona, mzee wa Bukombe, akina mama nisiowajua. Kila mmoja kabeba kitu: redio, king'amuzi, simu zilizopasuka, kuna hata mmoja na pasi. Mji mzima unasema nimetoa dhahabu kwenye sipiyu, tena nimeificha kwa ufundi kiasi kwamba Mama Blessing kanikagua hadi masikio asiione. Yule mzee, rika la babu yangu, kaniamkia mimi! Nikatafuta nyuma yangu kama kuna mtu mwingine.

Nilikusudia kuwaambia ukweli. Naapa. Nilisimama kizingitini, nikasafisha koo, ukweli ukiwa tayari kwenye ulimi, mfupi, bila mapambo. Kisha mama mmoja kamnong'oneza jirani yake, akidhani sisikii, akauliza kama huyu ndiye meneja mwenyewe.

Nimewaambia waweke vitu vyao ndani, wavipange vizuri ukutani, na wasimwambie mtu. Chumba kimejaa. Kitanda kimejaa. Naandika nimekalia king'amuzi. Kesho nikitoka kazini namtafuta mtu mwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, anisagie vyote.