Kisanduku Bapa Nyuma ya Kalenda

Jumatatu, 6 Septemba 1976. Kihesa, Iringa.

Baada ya sala ya asubuhi nimepima ukuta wa chumba cha kulala. Upana: vitabu vitatu vya nyimbo, ubavu kwa ubavu. Unene: kitabu kimoja, si zaidi. Kitu kinene kuliko hapo kitaisukuma mbele kalenda ya kanisa, na Marta, mke wangu, ataona.

Naandika sababu, isije ikasemwa baadaye kwamba nilitamani makuu. Jumapili ya tarehe 19 usharika utapiga kura ya mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Kiti hicho kiko kando ya mimbara. Kina mikono miwili. Nimekikalia miaka tisa. Sasa Mzee Eliezeri, jirani yangu wa ua kwa ua, naye anakitaka. Amenunua redio kubwa yenye gramafoni kutoka kwa mmisionari aliyerudi kwao, na kila alasiri nusu ya usharika hujaa sebuleni kwake. Taarifa ya habari ikiisha, Eliezeri husimama akaifafanua. Juzi alifafanua bei ya mafuta ya Waarabu. Eliezeri! Mtu ambaye hawezi kufika Makambako bila kutapika njiani.

Mimi siwezi kuonekana na redio. Katika mahubiri ya Kwaresima nilisema mbele ya watu wote kwamba redio ni mgeni anayeingia nyumbani bila kubisha hodi. Wengine waliandika maneno hayo. Niliwaona.

Kwa hiyo: chumbani. Ukutani. Nyuma ya kalenda. Nitasikiliza peke yangu, na siku ya kura nitafafanua dunia kuliko yeye.

Jumatano, 8 Septemba. Uyole, Mbeya.

Nimekuja Mbeya kwa sababu wenye maduka wote wa Iringa wananijua. Marta nimemwambia nafuata mbegu za viazi kwenye kituo cha kilimo cha Uyole. Si uongo. Nimenunua gunia zima.

Duka la redio lilinichosha. Ya kwanza ilikuwa na mkono wa kubebea. Chenye mkono huazimwa. Nikaikataa. Ya pili ilikuwa na fimbo ya chuma inayorefuka hadi usoni kwa mteja mwingine. Nikaikataa. Ya tatu ilikuwa na taa ya kijani katikati, kama jicho. Katika chumba cha kulala cha mzee wa kanisa! Zote zilikuwa nene. Nilitoa kitabu cha nyimbo mfukoni nikawa napima moja baada ya nyingine, na mwenye duka akauliza kama nanunua redio au jeneza la kitabu.

Mteja mwenzangu alikuwa mfugaji mmoja wa kutoka Usangu, Msukuma, jina lake Budeba, aliyeshika fimbo ya kuchungia hata humo dukani. Huyu alitaka kila redio iwashwe. Alichuchumaa, akafumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaomba nyingine. Saa nzima!

Ndipo nilipokiona. Kilikuwa juu kabisa, kimetundikwa ukutani: kisanduku cha mbao iliyong'arishwa, uso wa kitambaa, bapa kama Biblia iliyofunguliwa. Hakina kitufe hata kimoja. Nikapima. Unene wa kitabu kimoja kamili! Nikaona hekima yake mara moja: kisicho na kitufe hakiwezi kuhamishwa kwenda kwenye miziki ya dansi.

Mwenye duka alianza kunieleza kwamba kile hakisemi chenyewe. Nikamkatiza kwamba duniani hakuna kinachosema chenyewe pasipo Aliyekiumba. Akanitazama kidogo, kisha akakifunga katika karatasi.

Budeba alinishika mkono. "Baba," akasema, "mimi ng'ombe simnunui amelala. Mwambie akiwashe kwanza."

Nikamjibu kwa upole kwamba sikuja kununua ng'ombe. Kisanduku nimekizika katikati ya viazi.

Ijumaa, 10 Septemba. Kihesa.

Nimefika na vumbi la njia nzima. Marta ameuliza kwa nini gunia la viazi limeingia chumbani. Nimemweleza kwamba mbegu zinahitaji giza na utulivu. Akauliza kama zitahitaji na blanketi.

Alipokwenda kwenye kikundi cha akina mama, nilipigilia msumari. Lipu ikaanguka, kipande cha ukubwa wa sinia. Nikapigilia wa pili. Kipande kingine. Wa tatu umeshika. Kisanduku kimekaa, kalenda imekaa juu yake, lipu iko chini ya kitanda pamoja na viazi.

Nikaketi kusubiri taarifa ya habari ya saa kumi. Kimya.

Jumatatu, 13 Septemba.

Kimya siku ya nne. Nimekigeuza. Nyuma mna waya wenye ncha mbili, basi. Nimekigonga taratibu. Nimekiombea, bila kutaja ni kitu gani.

Upande wa pili wa ua, Eliezeri amewafafanulia watu bei ya kahawa ya ulimwengu. Walimpigia makofi. Bado siku sita.

Jumanne, 14 Septemba.

Nimemwita fundi Ambrosi. Nimemchagua kwa sababu ni Mkatoliki. Habari zetu hana pa kuzipeleka. Alikitoa kisanduku ukutani, akakipindua, akakirudisha, akavua kofia.

"Mzee Danieli, hii ni spika," akasema. "Redio yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia redio ni hiyo. Akanieleza, kwa subira ambayo sikuipenda, kwamba hicho ni mdomo tu, na kwamba kina haja ya kuungwa kwenye redio iliyo mahali pengine ndipo kitoe sauti. Mwenye duka angalinieleza! Watu wa biashara hawana uaminifu.

Kurudi Mbeya haiwezekani. Viazi vimekwisha kuwa vingi nyumbani.

Ambrosi akasema, bila nia yoyote, kwamba Alhamisi ataitwa kwa Mzee Eliezeri kufuta vumbi ndani ya ile redio ya mmisionari, na kwamba nyuma yake mna matundu ya ziada.

Nimetafakari mpaka jua lilipozama. Je, ni wizi? Sauti ya redio ile huvuka ua kila siku na kuingia kwangu bila ridhaa yangu. Nikiielekeza ipite kwenye waya, nimeiwekea utaratibu tu. Dhamiri yangu imetulia.

Alhamisi, 16 Septemba.

Imefanyika. Ambrosi amepitisha waya dirishani kwa Eliezeri, ukafuata kamba ya kuanikia nguo, ukavuka ua, ukaingia kwangu kwenye tundu la panya. Alichomeka kwa haraka maana Eliezeri alikuwa anarudi kutoka shambani. Amesema alasiri ya kesho nitasikia kila kitu.

Marta ameusifu waya. Anasema unashika shuka vizuri kuliko kamba.

Ijumaa, 17 Septemba.

Saa kumi kasoro robo Marta alikwenda kwenye kikundi chake. Nilifunga mlango wa chumba, nikaketi mbele ya kalenda. Saa kumi ikafika. Kimya! Nikasogeza kiti hadi pua ikagusa mwezi wa Septemba. Kimya.

Ili muda usipotee, nikaona nifanye mazoezi ya hotuba yangu ya Jumapili, na kama ilivyo desturi yangu nikaianza kwa sala. Nilimwombea kila mmoja kwa jina. Nilimwombea Mchungaji ili ajue kwamba mahubiri yana mwisho. Nilimwombea Mama Helena wa kwaya ili mtu mwenye upendo amwambie kwamba sauti ile anayoiita ya kwanza haipo katika wimbo. Nilimwombea Eliezeri kwa kirefu, nikigusia safari ya Makambako. Mwisho nilijiombea mwenyewe, juu ya gunia, juu ya waya, na juu ya kumwambia mke wangu kwamba mbegu zinahitaji utulivu.

Nikasikia kicheko kikubwa upande wa pili wa ua. Nikafikiri: Eliezeri amekosea tena ramani ya Asia.

Marta alirudi upesi. Aliweka kikapu chini. Hakuketi.

"Baba Esta," akasema, "tumekusikia."

Nikauliza akina nani.

"Wote. Redio ilikatika katikati ya habari, Mzee Eliezeri akawa anazungusha vitufe, ukatoka wewe. Ulipofika kwa Mama Helena, Mchungaji aliomba watoto watolewe nje."

Nikamuuliza yeye alikuwa anafanya nini huko. Akasema ndiko kikundi cha akina mama kinakokutania tangu mwezi wa Julai. Wote wanalijua hilo isipokuwa mimi.

Ambrosi ameitwa akaeleza. Waya aliuingiza kwenye tundu ambalo mmisionari alichomekea kipaza sauti cha mahubiri. Kumbe spika ikichomekwa hapo haisemi, inasikia. Na kitufe cha tatu ndicho kinachoifungulia. Alieleza haya mbele ya ua, kwa sauti ya kutosha usharika mzima na parokia yao pia.

Marta alipokuwa anaingia jikoni aliongeza neno moja tu.

"Sauti ilikuwa safi kuliko ya taarifa ya habari. Na viazi vyako vimeanza kuota."

Jumapili, 19 Septemba.

Nilipanda mimbarani kutoa hotuba. Nilipokohoa tu, safu tatu za mbele ziliinamisha vichwa na mabega yao yakatikisika. Mtu mmoja nyuma akaomba niseme juu ya Makambako. Nilishuka.

Kura zimehesabiwa mbele ya madhabahu. Eliezeri hamsini na nane. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili namshuku Eliezeri mwenyewe, ambaye hupenda kujionyesha mnyenyekevu.

Baada ya ibada aliketi kwenye kiti chenye mikono ili kukijaribu. Mto wa kukalia nimeuchukua. Ulishonwa na Marta. Nimerudi nyumbani nao kwapani katikati ya watu wote, na waliokuwa wakinisalimu kwa miaka tisa kwa kuvua kofia leo wamenisalimu kwa kukohoa.

Mama Helena hakukohoa. Alisimama njiani, akanipa mkono, akasema kwamba kwa miaka kumi na mitano hakuna mtu aliyethubutu kumwambia juu ya ile sauti ya kwanza, na kwamba amehamia ya pili. Kisha akacheka hata yeye.

Jumatatu, 20 Septemba.

Nimefunga na kuomba tangu alfajiri ili nionyeshwe kosa liko wapi. Nimeonyeshwa. Kosa ni unene.

Nilijinyima mno. Kitu chenye unene wa kitabu kimoja hakiwezi kuwa na mdomo na masikio kwa pamoja. Hili hata mtoto angeliona. Ukuta wa pili wa chumba, wa upande wa dirisha, una kabati. Nyuma ya kabati panatosha unene wa vitabu viwili. Nitakwenda Mbeya Jumatano. Safari hii mbegu za vitunguu. Nitanunua redio kamili, yenye vitufe vyake, na kwa uchaguzi ujao, miaka mitatu kutoka sasa, nitakuwa nimeifafanua dunia yote.

Mpango huu nimeupanga kwa sauti, chumbani, mlango umefungwa, kwa maana mawazo yangu hukaa vizuri zaidi nikiyasikia. Kisanduku bado kiko nyuma ya kalenda. Kukitoa kutaangusha lipu iliyobaki. Waya nao sijaukata, kwa ajili ya shuka za Marta. Eliezeri ameahidi mbele ya Mchungaji kwamba hatakigusa tena kitufe cha tatu.

Nilipokuwa namalizia juu ya vitunguu, walicheka sana kule kwake. Lazima kulikuwa na kipindi cha vichekesho.

Marta amerudi sasa hivi kutoka kwenye kikundi. Sijamwambia neno lolote la safari. Hata hivyo ameniletea gunia tupu, amelikung'uta na kulikunja vizuri, na ndani yake ameweka vitabu viwili vya nyimbo. Viwili! Nadhani anataka nisali sana njiani.