Kuhusu Jimbo la Kabuhinzi Mashariki, Mlilolifufua Bila Kuniuliza

Mansfield, Texas
Machi 2018

Ndugu Mhariri, dada yangu Yasinta,

Pokea shikamoo ya cheo chako, maana kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia mimi.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nime-park kazini. Asubuhi nimeona kwenye jarida la jumuiya yetu kichwa cha habari: "Historia ya Jimbo Lililokufa la Kabuhinzi." Sikusoma zaidi. Ya nini, wakati aibu yake ni mimi? Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmefukua maiti bila kuita ndugu. Kabuhinzi Mashariki lilikuwa jimbo la migomba na matope. Liliishi miaka kumi, likapata mbunge mmoja na nusu ya daraja, kisha likafutwa, vijiji vyake vikagawiwa majirani kama vifaranga. Mimi nililipenda hivyohivyo, likiwa limekufa. Jimbo lililokufa halimsuti mtu.

2. Nakiri: uchaguzi wake wa mwisho niligombea, nikapata kura kumi na saba. Ukoo wetu peke yake una watu wazima sitini. Sasa kwenye harusi moja kule Carrollton, MC akaniuliza nyumbani nilikuwa nafanya nini. Nikasema, "Nilikuwa kwenye siasa kidogo." Akapaza sauti: "Mheshimiwa, pita high table!" Na pilau ilikuwa inaanzia huko. Nilikuwa na njaa, dada. Tangu siku hiyo sijapanga foleni ya chakula Texas hii.

3. Jumamosi hii familia ya mzee Onyancha ina-drive kutoka Houston kuleta posa ya binti yangu Abigail. Mzee ameshatangaza kanisani kwao kwamba mwanawe Rogers anaoa kwa mbunge. Wakisoma jarida lako watajiuliza: kama baba ni wa uongo, binti je? Mtoto atabeba aibu ambayo hakuigombea. Yeye mwenyewe ananiambia, "Dad, just tell them." Kwake ni rahisi, hajawahi kuitwa Mheshimiwa na watu wazima.

4. Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho kwamba nilishinda. Hamtamdhulumu mtu. Jimbo halipo, mbunge wake ni marehemu, wapiga kura wana majimbo mengine. Mgombea aliyebaki hai ni mimi tu. Ukipiga hesabu vizuri, nimepita bila kupingwa. Ile nusu ya daraja iliyobaki niko tayari kuiahidi.

Nisalimie shemeji, wanakwaya wote, na wale wa Haltom City ambao hotuba yangu iliwapozea chakula.

Wako katika ujenzi wa jimbo lisilokuwepo,

Gelasius
(Mheshimiwa, hadi Jumamosi)

Nyongeza: Nakutumia hii upya. Mke wangu Melania, ambaye husoma vitu mpaka mwisho, amecheka hadi akakaa chini. Kumbe makala yenu ni ya Kabuhinzi Magharibi! Mashariki hamkuigusa hata kwa bahati mbaya. Basi futa yote niliyoandika, kila kitu kilikuwa salama. Tatizo ni kwamba mara ya kwanza nilikosea, barua ikaingia kwenye group ya posa. Mzee Onyancha ameshajibu: "Mkwe, pole kwa kura. Sisi tunakuja kuomba msichana, hatuji kuomba barabara. Lakini hotuba iwe fupi."