Mbuzi wa Mwalimu Mbaruk

Jumatatu, 4 Agosti 1969

Mkosi! Nimekuja kufungua duka langu la ushoni, nikawakuta Bi Shaikha na mdogo wake Tatu wamekaa barazani. Mabinti wa Mwalimu Mbaruk, aliyenisomesha Kurani. Wanadai mbuzi wa ada ya kuhitimu. Wa mwaka 1934! Hawapigi kelele. Kila apitaye wanamwamkia, wanamwuliza hali ya watoto, kisha wanamweleza kwa nini wamekaa. Kufika adhuhuri, mji mzima unajua.

Nami Ijumaa ya wiki ijayo namwoa Miza. Ami yake, Haji Kombo, ameshasema hatamwoza tena kwa mtu anayedaiwa. Wadai wa mume wa kwanza walichukua mpaka kitanda, Miza mwenyewe amesimama anatazama.

Ukweli nauandika hapa tu. Marehemu baba alinipa mbuzi nimpelekee Mwalimu. Nikamuuza njiani kwa mchinjaji, nikala halwa siku tatu. Baba nikamwambia nimemfikisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata la kusema. Nimewaambia sikuhitimu! Nilitoroka chuoni ikiwa imebaki sura ya Bakara. Asiyehitimu hana ada. Wakatazamana, wakaondoka. Nimejinunulia kahawa vikombe vitatu.

Jumatano, 6 Agosti

Salamu kutoka kwa Mwalimu: kama imebaki Bakara, nije niimalize. Haji Kombo naye amesikia. Anasema mume asiyehitimu pia hamtaki. Basi nimekaa mkekani na watoto wa miaka saba, mimi wa arobaini na saba, magoti yananilia. Mwalimu haoni tena, ila akisikia kosa anagonga sakafu kwa bakora. Leo amegonga mpaka watoto wakanionea huruma.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemaliza Bakara. Watoto walipoondoka, Mwalimu akanishika mkono.

"Ulihitimu, Msabaha. Nilikusikiliza mwenyewe. Baba yako alikuja kuniuliza kama mbuzi amefika, nikamwambia amefika."

Hakutaka baba aone haya kwa ajili yangu. Miaka thelathini na mitano ameubeba uongo wangu, mtu ambaye hajui kusema uongo mwingine! Nikamwuliza kwa nini adai sasa. Akasema umri umekwenda, na angependa neno lile alilomwambia baba liwe kweli kabla hajafa. Nikalia. Sijalia hivyo tangu tulipomzika baba. Nimeapa mbele yake: mbuzi atafika.

Jumatano, 13 Agosti

Alfajiri nimedandia lori la Msata, nikashukia Kiwangwa kwenye shamba la Haji Kombo. Nikamwambia mchungaji wake, Rehani, kwamba nimekuja kuchukua beberu wa harusi na Haji ana habari. Rehani akamfunga kamba mwenyewe, akanipa na nanasi.

Alasiri Mwalimu akampapasa mbuzi toka pembe hadi mkia. Akainua mikono, akamwombea baba kwa jina lake. Bi Shaikha alikuwa anafuta machozi. Mimi niliitikia amina kuliko wote. Nilijiona mwepesi, wallahi, na nikamshukuru Mungu kwamba mzee amewahi kumpokea.

Alhamisi, 14 Agosti

Miza ameniita dirishani kwao. Hakunitania kama ilivyo desturi yake.

"Msabaha, yuko mtu anayekudai? Nambie leo, kabla ya kesho."

Nikamjibu hayuko. Akashusha pumzi, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema basi atalala. Nikarudi dukani polepole, moyo unaniuma, nusura nigeuke nikamwambie. Nimekaa kwenye cherehani bila kushona, nikafikiri sana, na sasa nimetulia. Sikumdanganya hata kidogo. Haji Kombo hajui kwamba ananidai, na mtu asiyejua hadai.