Presha Imepanda, Senene Wameanguka

Jumatatu, 17 Novemba 1975

Presha! Mimi! Felicitas, ninayepanda mlima wa Kitendaguro na ndoo kichwani bila kuhema. Zahanati nilikwenda kwa ajili ya kikohozi tu. Mganga, Bwana Burhani, akanifunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama mshale wake, akaguna. Akasema imepanda kidogo. Nikamwuliza kidogo kama nini. Akasema kidogo cha kunifanya nishike adabu mapema. Chumvi niisahau. Samli basi. Samaki wa chumvi basi. Vya kukaanga basi. Nile mboga za majani, matunda, maharage.

Nikamwambia hayo yote nayajua. Mimi ni katibu wa kikundi cha kusikiliza masomo ya redio, ndiye ninayewasomea wenzangu kitabu cha lishe. Akasema vizuri sana, basi hana haja ya kurudia.

Kuna jambo sikumwambia. Wiki iliyopita, kwenye kikundi hichohicho, tulisikia kwamba miiko ya kuwanyima wanawake vyakula vya kujenga mwili iachwe. Mayai, kuku, vyote. Masikio yangu yalisikia neno moja ambalo hata halikutajwa: senene! Tangu utoto nimewanyonyoa senene, panzi hawa wa msimu wa mvua, mbawa na miguu, nimewakaanga, nimewapelekea wanaume nimepiga magoti, nimebaki na harufu kwenye vidole. Kwetu Wahaya mwanamke hali senene. Nina miaka hamsini na mbili na sijaonja hata mguu mmoja. Mwaka huu ndio nimeruhusiwa, na mwaka huu ndio nimekatazwa. Mae waitu!

Nimeamua kutomwambia mtu yeyote.

Jumanne, 18 Novemba

Wote wanajua. Mume wangu Rugemalira alikutana na Bwana Burhani dukani. Rugemalira akamwambia dada yake, Kokuberwa, aliyeolewa Nyanga akafiwa huko. Kokuberwa amefika kabla ya chakula cha mchana. Na sanduku! Mtu aliyekuja kusalimia tu haji na sanduku.

Hakuketi hata kidogo. Aliingia jikoni, akachukua kopo la chumvi, akalifunga kwenye pindo la kanga, akalining'iniza kiunoni. Akasema ananipenda mno, ndiyo maana nitakula chukuchuku.

Mchana, ndizi na maharage bila chumvi. Niliweka mdomoni, nikatafuna. Ni kama kutafuna habari za ukoo wa watu nisiowajua. Rugemalira yeye alinyunyiziwa chumvi yake pembeni, dada mtu akitumia vidole viwili kama padre anayebariki. Hakuthubutu kunitazama. Alikula haraka, akaenda kukagua kahawa ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Hii nyumba imekuwa hospitali, na mgonjwa hana ugonjwa.

Alhamisi, 20 Novemba

Wameanguka! Alfajiri majani yote ya uwanja wa shule yalikuwa yanacheza. Watu na vikapu, watu na mashuka. Rugemalira amekula bakuli zima mbele yangu. Niliomba tu nimtazame. Kokuberwa akasema hata kutazama si kuzuri kwa presha.

Lakini mimi nilikuwa na mpango. Leo ni siku ya kikundi cha redio. Nilisimama, kama katibu, nikasema mwiko hauvunjwi kwa kupiga makofi, unavunjwa kwa vitendo. Nikapendekeza senene wapikwe palepale darasani na kila mwanamke ale. Uamuzi wa kikao! Nani angemzuia katibu kutekeleza uamuzi wa kikao?

Kokuberwa alipinga. Akasema mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Ana miaka sitini, sijui anamwogopea mtoto gani. Kura zikapigwa. Tukashinda! Senene wakakaangwa na vitunguu, chumvi ikamiminwa bila huruma, na sahani ikaanza kuzunguka. Ilipobaki hatua moja kunifikia, Kokuberwa akasimama. Akamwambia mwenyekiti kwamba katibu ana presha. Halafu akamwomba mtu asome ukurasa wa chumvi. Ukurasa ambao mimi mwenyewe niliwasomea mwezi uliopita, kwa sauti, na kwa kuwatisha!

Macho ya huruma. Sahani ikapita juu ya kichwa changu.

Wakala wote. Kokuberwa naye akala. Akafumba macho, akasema, "Kumbe!" Akaomba tena.

Nimeandika kumbukumbu za kikao: wajumbe waliokula walifurahi.

Jumapili, 23 Novemba

Siku mbaya kuliko zote. Sherehe ya Kristo Mfalme, na nimeiharibu.

Ijumaa niliomba chumvi kwa jirani, nikaitwanga ikawa laini kama unga wa muhogo, nikaitia kwenye kopo langu la poda. Akili! Kila mlo nililalamika kwamba moshi wa jikoni unaniumiza macho, nikaenda kulia chumbani. Ijumaa na Jumamosi nilikula kama binadamu. Kokuberwa hata alinisifu jinsi nilivyozoea haraka.

Leo asubuhi poda yake ikaisha.

Sikuwepo chumbani. Alichukua kopo langu, akajipaka shingoni, kifuani, makwapani, kila mahali. Alikuwa mweupe kama andazi. Jua lilikuwa kali. Kanisani, kwenye wimbo wa Utukufu, alianza kujikuna. Kwenye mahubiri alikuwa anahema. Tulipotoka kwa maandamano ya Sakramenti, jasho likashuka, na wifi yangu akaanza kurukaruka. Mama mmoja nyuma yetu akaguswa, akaanza kulia, akidhani ni ibada. Kisha nikamwona Kokuberwa anaupitisha mkono shingoni. Akalamba kidole. Akageuka polepole akanitafuta kwenye mstari wa wanawake. Akanipata.

Kwa mara ya kwanza mwaka huu nilisali kwa dhati.

Rugemalira hakunigombeza. Ni afadhali angegomba. Aliniita uani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nataka kufa nimwache na dada yake. Alikuwa anatania, lakini midomo ilikuwa inatetemeka. Miaka thelathini ya ndoa, sijapata kumwona ana hofu hivyo. Nikamwahidi kila kitu.

Jumanne, 25 Novemba

Muleba.

Mpango ulikuwa mzuri. Dada yangu Kokubanza ni mjane, anaishi peke yake kwenye kibanja chake cha migomba hapa. Hakuna mume, hakuna wifi, hakuna Burhani. Na hajui habari za presha yangu. Kwa hiyo nikawaambia nyumbani kwamba nimepata habari dada anaumwa, ananihitaji. Uongo mtupu. Kokuberwa mwenyewe alinifungia mzigo, akanisindikiza mpaka kwenye basi. Njia nzima mate yananijaa. Nilikuwa nimeshaamua hata bakuli gani nitalitumia, lile la bluu.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba. Nikapiga vigelegele vya kufika. Hakusimama. Nikadhani hajanisikia. Nilipokaribia nikaona mdomo wake umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

"Nani amekuambia?" akaniuliza, maneno yakitoka mazito.

Nilikaa chini kwenye nyasi, nikamshika miguu.

Kiharusi kimempata wiki iliyopita, akiwa anamenya ndizi. Presha ameijua tangu mwaka jana. Alipewa vidonge, akajisikia mzima, akaacha. Chumvi hakupunguza hata siku moja. Nikamwuliza kwa nini hakunipa habari. Akasema alijua nitakuja na kitabu changu.

Sikutia kitu mdomoni leo.

Jumatano, 26 Novemba

Jirani wa Kokubanza amekuja kutoa pole na kikapu cha senene. Akasema siku hizi wanawake nao wanakula. Hakujua anamwambia nani.

Niliwanyonyoa asubuhi nzima. Nikawakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Nikawagawa sehemu mbili. Ya dada sikutia chumvi. Kwenye bakuli la bluu nikatia. Kidogo. Halafu nikaongeza.

Nilimlisha kwa mkono, mmoja mmoja, akitafunia upande ulio mzima. Ni mara yake ya kwanza pia. Tumezaliwa tumbo moja, tumenyonyoa kikapu kimoja tangu tukiwa wadogo, na hapa ndipo tulipofikia.

"Hawana chumvi," akasema.

"Hawana."

"Na wako?"

Nikajifanya nafuta kidevu chake.

"Felicitas. Na wako?"

Nikasema wangu nao hawana. Aliangalia bakuli langu. Kisha akasema, "Usile hao. Mimi nilikula hivyohivyo, najua kabisa, nikisema ni kidogo tu."

Nikainuka, nikachukua bakuli, nikaenda nyuma ya jiko kuwamwaga. Nia yangu ilikuwa kuwamwaga. Mungu ananiona. Nilisimama kati ya migomba, bakuli mkononi, machozi yananitiririka. Nikamfikiria dada yangu na ule mkono. Nikaonja mmoja, ili angalau nijue ninamwaga nini.

Sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Walikuwa watamu kuliko harufu yote niliyoinusa maisha yangu. Nilikula huku nikilia mpaka kucha zangu zikakwaruza chini ya bakuli.

Nilipotoka, Kokubanza aliniuliza kama nimewamwaga. Nikasema ndiyo. Akanivuta kwa ule mkono mzima, akanilaza kichwa mapajani kwake kama mtoto. Alikuwa ananifariji, yeye mimi!

Ijumaa, 28 Novemba

Nimerudi. Rugemalira alinipeleka zahanati moja kwa moja kutoka kwenye basi, na mzigo wangu. Kitambaa, upepo, mshale. Bwana Burhani hakuguna safari hii. Akapima tena, mkono wa pili. Akasema sasa si kidogo. Amenipa vidonge. Akaniuliza nimekula nini. Nikasema ni majonzi ya dada. Na ni kweli. Si yote, lakini ni kweli.

Nilitegemea Kokuberwa atanicheka. Nilipomweleza habari za Kokubanza aliketi kwenye sakafu ya jikoni, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti. Akasema, "Wifi yangu, mimi nilikuwa nakusumbua tu. Nilikuwa nafurahia. Sikujua kama mtu anaanguka kweli." Tukalia wote wawili. Rugemalira akaingia, akatukuta, akaketi naye. Ameagiza kwamba senene wasiingie tena nyumba hii. Hata wake mwenyewe! Mwanaume wa Kihaya, Novemba!

Sistahili watu hawa.

Jumapili, 30 Novemba

Majilio yameanza. Nimeungama. Nimemwahidi Padre, nimemwahidi Rugemalira, nimemwahidi Kokuberwa, na Bwana Burhani niliyekutana naye njiani nimemwahidi bila hata kuulizwa. Kokubanza tutamleta hapa wiki ijayo, nimuuguze, tule chukuchuku pamoja. Moyo wangu umetulia.

Nimefikiri sana pia kuhusu kile kipimo cha Ijumaa. Barabara ya Muleba ina mashimo. Basi lilinirusha mpaka kichwa kikagonga paa. Damu ya nani isingepanda? Ni wazi ni basi. Nitamweleza Bwana Burhani kwa upole, asije akaona aibu.

Leo pale njiani alinitaka nimtajie tena vyakula nilivyokatazwa. Nikamtajia bila kukosea: chumvi, samli, samaki wa chumvi, senene wa kukaanga. Akawaambia waliokuwepo kwamba wagonjwa wote wangekuwa na elimu kama yangu, angefunga zahanati. Kokuberwa akatabasamu kwa fahari. Alinikabidhi kopo la chumvi tulipofika nyumbani, akasema sasa ananiamini.

Jioni hii mvua imekatika ghafla. Kokuberwa yuko kwenye kwaya, Rugemalira yuko kwa jirani. Kwenye kichuguu nyuma ya choo kumbikumbi wanatoka kwa wingi, wanono, mbawa zinang'aa.

Kumbikumbi Bwana Burhani hakuwataja. Nimerudia maneno yake yote kichwani, hawamo. Ningeweza kwenda kumwuliza, lakini mimi si mtu wa kumsumbua mganga siku ya Jumapili.