Jembe la Kwanza la Meneja Mbaluka

Enyi mnaochambua kunde, wekeni ungo chini. Nanyi mliobeba maji, tueni mitungi mpumzishe shingo, kwa maana neno ninaloleta si la kusikiwa kwa sikio moja. Nasimulia vita vya Mbaluka mwana wa Musembi, mzaliwa wa Nunguni, Simba wa Semina, Mwenye Kalamu Tatu Mfukoni, Meneja wa Mradi wa Maji kule juu ya Salama. Na jinsi siku ya Jumanne, mbele ya wanawake arobaini na punda wanane, mkono wake uliinua jembe. Ee Mungu wa mvua chache, nipe pumzi nifike mwisho.

Asubuhi hiyo bomba lililolazwa chini ya ardhi lilipasuka. Maji yakatoka kama jeshi lililochoka gereza, yakapiga vumbi teke, yakaivamia barabara, yakachanganyika na mavi ya punda hata hakuna mtungi ulioweza kuyateka. Na juu ya mnara wa mawe lilisimama tangi lililolisha bomba hilo, na ndani yake maji ya nyumba arobaini ya wiki nzima, kwa sababu pampu ya kisima ilikuwa imekufa na fundi alisema Jumanne ijayo. Yakiisha hayo, ni punda na mto: saa tatu kwenda, saa tatu kurudi.

Mutanu, binti mwepesi wa miguu, alikuwa amekwea mnara na kijiti, akigonga tangi kusikia maji yamefika mstari gani.

"Meneja! Yako mstari wa nne!"

Mbaluka akatoka ofisini. Kwanza akavaa kofia ngumu. Kisha akavaa kizibao cha kung'aa. Kisha akarudi kuchukua faili, kwa kuwa shujaa haendi vitani bila Mpango-Kazi, na wake ulikuwa na kurasa sitini na mbili.

"Funga maji, mwanangu," akasema Kanyiva, mama mkubwa wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi za jembe.

Shujaa akasimama juu ya jiwe lisilo na tope, akanena: "Mama zangu, tulieni! Kazi ya meneja si kufunga maji. Kazi ya meneja ni kupanga, kuratibu, kusimamia na kuandika ripoti. Kufunga maji ni jukumu la kamati ndogo ya ufundi."

"Na hiyo kamati iko wapi?"

"Bado haijateuliwa."

"Asi! Basi ambia maji yangoje uteuzi."

Wanawake wakacheka mpaka punda wakageuza masikio. Lakini Mutanu hakucheka. "Mstari wa tatu!"

Hapo Mbaluka akashuka kidogo kutoka kwenye ukuu wake, akauliza kwa sauti ya chini, "Susu, kwani koki ya kufungia iko wapi?" Susu ni nyanya kwa Kikamba chetu, mtu wa Nunguni akikwama hukumbuka lugha ya kwao.

"Sisi ndio tulichimba huu mtaro, tunaijua," akajibu Kanyiva. "Iko chini ya jina lako."

Na ilikuwa kweli. Wiki mbili nyuma Mbaluka alitafuta mahali palipoonekana vizuri kutoka barabarani, akaagiza bango la mradi lisimikwe hapo, refu kama mlango wa kanisa, likashindiliwa mawe na udongo. Shimo la koki likazikwa na hakuna aliyewauliza mwethya.

Akatazama saa. Wageni wa Nairobi walikuwa wanakuja saa sita na kamera, na bila picha ya bango ripoti yake ingekuwa kama ng'ombe asiye na kichwa. Na bila ripoti, mkataba wake ungeishia hapo. "Bango haling'oki kabla ya saa sita," akasema.

"Saa sita utapiga picha ya tangi lililokauka."

"Basi chimbeni pembeni! Majembe si mnayo?"

Hapo Kanyiva akaketi juu ya mtungi wake, na wote arobaini wakaketi. "Kwa mwethya, jembe la kwanza ni la mwenye shamba. Mwingine akilitangulia ni kumdharau. Soma hapo. Mradi ni wa nani?"

Akasoma, ingawa aliyajua kwa moyo. "Meneja wa Mradi: Mbaluka Musembi."

"Jina la mwethya liko?"

"Nafasi haikutosha, Susu."

"Basi shamba si letu. Piga."

"Mstari wa pili!" akalia Mutanu, na sasa sauti yake ilikuwa ya kilio. "Yanaisha!"

Mbaluka akamwangalia yule mwanamke mzee. Kanyiva alikuwa amemnyoshea mpini wa jembe lake, jicho likiwa kwenye tangi, maana yale yalikuwa maji yake pia. Katikati ya paji la uso palikuwa na bonde, alama ya mukwa, ukanda wa kubebea maji. Bonde lile lile mama yake analo, kule Nunguni.

Akaweka faili kwenye tope.

Jembe likapanda. Likasimama angani kama linauliza njia. Likashuka, likapiga jiwe, cheche zikaruka, likakosa kidole chake cha mguu kwa upana wa harage. Lakini lilikuwa limepiga! Vigelegele vikafika Sultan Hamud. Wanawake arobaini wakainuka kama wimbi la nzige, na kabla kikombe cha chai hakijapoa bango lilikuwa chini, na shujaa yumo shimoni hadi kiunoni, anazungusha koki.

"Kulia, mwanangu! Huko unafungua!"

Akageuza kulia. Maji yakakohoa, yakanyamaza.

"Mstari mmoja na nusu!" Mutanu akatangaza, akaketi juu ya mnara akalia kwa furaha.

Wageni walipokuja walimkuta meneja ana tope hadi kifuani, wakampiga picha kumi na nne. Katika ripoti akaandika, "Meneja alihamasisha jamii." Mkataba ukaongezwa mwaka.

Bango halikusimama tena, maana shimo la koki lilitaka kifuniko, na hakuna ubao uliolitosha kama huo. Mbaluka aliomba jambo moja tu: jina liangalie juu.

"Litaangalia juu," Kanyiva akaapa.

Na ametimiza kiapo. Kila alfajiri, kabla hajainua kifuniko kufungulia nyumba arobaini maji, yeye husimama juu ya jina lile tukufu na kupangusa nyayo zake, moja baada ya nyingine, kwa heshima zote, asije akaingiza tope shimoni.